Msaidizi wa mbali hafanyi ulivyotaka? Anza kukagua hapa

Wafanyabiashara wengi wa Tanga sasa wanampa mtu aliye mbali kazi za ofisini: kujibu WhatsApp ya duka, kuingiza oda kwenye jedwali, kupanga vyumba vya wageni Raskazone, kuandaa ankara, kuwakumbusha wanaodaiwa. Mtu huyo anaweza kuwa Dodoma, Mwanza au hapo Muheza tu. Kinachohitajika ni kompyuta, intaneti na ruhusa. Malalamiko yanayokuja baadaye yanafanana mno, na karibu yote yanakuja na maneno yale yale: "msaidizi niliyempata ni mbovu." Ukikagua kwa utaratibu, mara nyingi unakuta tatizo liko kwenye maelekezo aliyopewa au kwenye milango aliyofunguliwa, na hayo ni ya mwenye biashara kuyanyoosha. Ndiyo maana kila dalili hapa chini inaanza na chanzo kinachojitokeza zaidi, pamoja na ukaguzi usiogharimu kitu.

Jambo moja halisubiri ukaguzi. PIN ya simu ya pesa na namba za uthibitisho zinazoingia kwa SMS hapewi mtu, hata akiwa mtoto wa shangazi yako. Kama umeshazitoa, badilisha PIN kwanza ndipo uendelee kusoma.

Kazi inarudi, lakini siyo uliyoitaka

Hii ndiyo dalili kuu, na chanzo chake cha kwanza ni maelekezo kukaa kwenye ujumbe wa sauti. Voisi ya dakika nne uliyoituma ukiwa katikati ya Soko la Mgandini ina mambo sita, na mawili uliyabadilisha ukiwa unaongea. Msaidizi atashika lile la mwisho. Ukaguzi ni mwepesi: chukua kazi iliyoharibika, utafute maelekezo yake. Usipoyapata kwa maandishi, mahali pamoja, chanzo umekipata.

Andika upya, na uandike mambo matano: nini kitoke, taarifa zinapatikana wapi, kazi iwekwe wapi, saa ya mwisho, na afanye nini akikwama. Kwa duka la viungo linalotuma mizigo Dar, maelekezo yanayofanya kazi yanakuwa hivi:

"Kila siku Jumatatu mpaka Jumamosi. Fungua jedwali la Oda. Chagua oda zenye alama ya IMEINGIA (malipo yamethibitishwa) ambazo hazina jina la basi. Nakili jina la mteja, simu, bidhaa na uzito kwenye ukurasa wa Mizigo ya Leo. Iliki na mdalasini tunapima kwa gramu: andika 250, usiandike robo. Maliza kabla ya 10:00 ili kijana awahi stendi ya Kange. Oda isiyo na namba ya simu usiiweke. Mwandikie mteja, kisha weka alama ya INASUBIRI. Mteja asipojibu kwa saa moja, inabaki kwa kesho, usinipigie."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo wengi wanaisahau, nayo ndiyo inayokupa utulivu.

Chanzo cha pili: hajawahi kuona kazi iliyokamilika. Ukisema "niandalie ripoti ya mauzo," wewe unawaza ukurasa mmoja wenye namba tatu. Yeye anawaza orodha nzima ya mwezi. Mpe ripoti uliyowahi kuitengeneza mwenyewe. Kama hukuwahi, ifanye mara moja huku ukirekodi skrini, dakika tano mpaka kumi zinatosha, kisha mwambie *yeye* aandike hatua alizoziona. Usimwandikie. Hatua atakazoandika zitakuonyesha alichoelewa na alichokisia, na utasahihisha kabla kosa halijamfikia mteja.

Chanzo cha tatu ni kumtwisha mzigo wote siku ya kwanza. Anza na kazi moja inayojirudia, isiyogusa fedha, na ambayo kosa lake linafutika, kama kuingiza oda. Ikienda wiki mbili bila kusahihishwa, ongeza ya pili.

Uwezo wa mtu mwenyewe ndio wa mwisho kuangaliwa. Maelekezo yakiwa yameandikwa, mfano ameuona, na kosa lile lile likajirudia mara tatu baada ya kusahihishwa, hapo kweli kazi haimfai. Hata hivyo badilisha kazi kabla ya kubadilisha mtu. Anayekosea kwenye hesabu anaweza kuwa hodari sana wa kuzungumza na wateja.

Namba za simu zimepungua tarakimu, tarehe zimegeuka

Hapa msaidizi hulaumiwa bure kuliko mahali pengine popote. Jedwali la Google Sheets au Excel likiona 0754 na kuendelea, linadhani ni hesabu na kuifuta sifuri ya mbele. Hesabu tarakimu: namba ya simu ya mkononi ya Tanzania ina kumi, ukikuta tisa ni sifuri iliyoliwa. Chagua safu nzima ya simu, igeuze kuwa maandishi ya kawaida *kabla* ya kuingiza chochote. Kwa zilizokwisha haribika, tengeneza safu mpya pembeni na uandike ="0"&A2, ambapo A2 ni kisanduku chenye namba ya kwanza, kisha iteremshe mpaka chini. Wanaoandika kwa +255 nao wanahitaji safu ya maandishi, maana alama ya kujumlisha hupotea vile vile.

Tarehe zina ugonjwa wa hatari zaidi kwa sababu nusu yake hauonekani. Jedwali likiwa limewekwa kwa mtindo wa Marekani, 3/4 linaisoma kuwa tarehe 4 Machi. Ukiandika 13/4, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu, linaacha kama maandishi. Dalili yake hii: kwenye safu moja, tarehe za 13 na kuendelea zimelala kushoto mwa kisanduku, na za 1 mpaka 12 zimelala kulia. Zile za kulia ndizo zilizogeuka. Ingia kwenye Faili, Mipangilio, ubadilishe eneo liwe Uingereza, ambako siku hutangulia mwezi. Kubadilisha eneo hakurekebishi zilizokwisha ingia. Hizo zirudiwe moja moja kutoka kwenye oda zenyewe. Njia salama tangu mwanzo ni kuandika mwezi kwa jina: 3 Aprili.

Majina yakiwa hayalingani tena na simu zake, mtu alipanga safu moja kwa alfabeti na kuziacha nyingine mahali pake. Usijaribu kupangua kwa mkono. Fungua historia ya matoleo kwenye menyu ya Faili, tafuta toleo la kabla ya kosa, lirudishe. Kisha funga safu za bei na salio zisibadilishwe na mtu mwingine ila wewe.

Wateja wanasema majibu ya duka yamekuwa makavu

Tanga mtu hasomi bei kabla hajaamkiwa. Chanzo cha kawaida ni majibu ya haraka ya WhatsApp Business ambayo yameandikwa kwa mkato: "15,000. Lipa kwanza." Soma majibu yako yaliyohifadhiwa kama mama mtu mzima wa Chumbageni atakavyoyasoma. Mteja ameandika "Asalaam alaikum, iliki mnayo?" Jibu linalofaa: "Wa alaikum salaam, karibu sana. Iliki ipo, robo kilo ni 15,000. Ungependa tukutumie au utapita dukani?" Ni sentensi tatu tu. Aliyesema shikamoo aitikiwe marahaba, na msaidizi akiona anaandikiana na mtu mzima, yeye ndiye atangulize shikamoo.

Chanzo kingine ni msaidizi kutojua bidhaa. Akiulizwa "hii mdalasini ni ya magome au ya unga?" anajibu "ngoja niulize," mteja anaondoka. Mwandikie karatasi moja ya maswali kumi yanayoulizwa sana na majibu yake. Bei zisikae kwenye karatasi hiyo. Ziwe kwenye jedwali moja tu, la sivyo utauza kwa bei ya mwezi uliopita.

Anakuuliza kila kitu, au anaamua kila kitu

Dalili mbili, chanzo kimoja: hajui mamlaka yake yanaishia wapi. Mwekee mipaka kwa shilingi na kwa jambo. Mfano: punguzo la mpaka asilimia 5 kwa anayenunua kilo moja na zaidi, aamue mwenyewe, zaidi ya hapo aulize. Mzigo uliofika umelowa wa chini ya 20,000, atume mwingine na kuandika kwenye jedwali. Zaidi ya hapo aulize. Kurudisha fedha, aulize daima. Malalamiko yenye neno polisi, mwanasheria au sumu, asijibu kabisa, akupigie hapo hapo.

Maswali yasiyo ya haraka yakusanywe na kuletwa mara mbili kwa siku, tuseme 12:00 na 17:00. Ukikuta swali moja limeulizwa mara ya tatu, jibu lake liingie kwenye maelekezo siku hiyo hiyo. Tunasisitiza hili kwa sababu wenye biashara wengi hujibu swali lile lile miezi sita mfululizo, kisha wakasema kuwa na msaidizi ni kazi ya ziada.

Hapatikani saa anayohitajika

Kagua kwanza umeme na bando. Nani analipa bando? Kama hamjakubaliana, atakaa bila bando akisubiri umwongezee, nawe utadhani amezembea. Amueni kiasi kwa mwezi, kikae kwenye malipo yake. Muulize pia umeme ukikatika anabaki na nini: betri ya kompyuta inakaa saa ngapi, na ana laini ya mtandao wa pili?

Kagua kisha namna mnavyotaja saa. "Saa mbili" kwa mmoja ni asubuhi, kwa aliyezoea saa za kompyuta ni mchana. Kwenye maandishi yote ya kazi tumieni mtindo wa saa 24: 08:00, 14:00, 20:00.

Tatu, huenda ana wateja wengine, na hana kosa akiwa nao. Ukitaka awepo muda maalumu, mnunue muda huo kwa makubaliano: kwa mfano 08:00 mpaka 11:00, ajibu ndani ya dakika 15. Nje ya hapo ajibu siku hiyo hiyo.

WhatsApp ya duka imejitoa kwenye kompyuta yake

Simu kuu isipofunguliwa WhatsApp kwa zaidi ya siku 14, vifaa vilivyounganishwa hutolewa. Simu ya duka iliyowekwa kabatini ndiyo chanzo cha kwanza. Ifungue na umuunganishe upya. Kwa kawaida simu kuu huunganishwa na vifaa vinne, basi angalia pia kama nafasi zimejaa vifaa vya zamani, uvitoe.

Kwa kuwa yuko mbali hamwezi kuskani msimbo kwa urahisi, tumieni njia ya kuunganisha kwa namba ya simu: kompyuta yake inaonyesha herufi na tarakimu nane, wewe unaziandika kwenye simu yako. Fanyeni hivyo mkiwa mnaongea kwa sauti wakati huo huo. Matapeli nao hutuma msimbo wa namna hii na kukuomba uuingize. Ukija bila nyinyi kupanga, usiuguse.

Kumbuka pia kwamba kifaa kilichounganishwa kinaona mazungumzo. Kama laini ya duka ndiyo ya familia, anasoma na ya nyumbani. Tenga laini.

*Simama hapa:* simu kuu ikikuambia namba yako imesajiliwa kwenye simu nyingine, hilo si suala la kuunganisha upya, akaunti inachukuliwa. Isajili tena mara moja kwa namba utakayotumiwa kwa SMS. Hilo humtoa aliyeingia. Akiwa ameweka PIN ya hatua mbili, unaweza kusubiri siku saba ndipo uingie. Wape wateja taarifa kwa njia nyingine wasilipe chochote, na ukifanikiwa kurudi weka PIN yako ya hatua mbili.

Chumba kimoja, wageni wawili

Kwa wenye nyumba za wageni. Kalenda za Airbnb, Booking.com na nyinginezo zikiunganishwa kwa kiungo cha kalenda hazipeani habari papo hapo. Huchukua hata saa kadhaa. Katika muda huo mgeni wa pili anaingia. Chanzo kingine ni oda za simu zinazopokelewa mapokezi bila kuandikwa popote. Weka jedwali moja ambalo ndilo neno la mwisho, na sheria moja: aliyepokea oda, awe msaidizi au mtu wa mapokezi, anafunga chumba kwenye kila mtandao *kabla* ya kumthibitishia mgeni.

Halafu kuna usiku wa manane. Mgeni anayeingia 01:00 ya tarehe 13 anahitaji chumba cha usiku wa tarehe 12. Msaidizi asiyezoea hoteli ataandika 13, na mgeni aliyechoka na safari ya kutoka Dar atakuta chumba kina mtu. Liandike hili kwenye maelekezo kwa mfano kamili.

Nakala za pasipoti na vitambulisho vya NIDA zisitumwe kwenye makundi ya WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inambana anayekusanya taarifa hizo na anayezichakata kwa niaba yake, ikiwamo kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nakala zikivuja, usizime jambo kimya kimya; mtafute wakili.

Mteja anasema amelipa, hela haionekani

Sehemu hii isomwe na msaidizi pia.

Chanzo cha kawaida ni msaidizi kuthibitisha malipo kwa kuangalia picha ya skrini. Ujumbe wa malipo unatengenezwa kirahisi, na SMS ya uongo inaweza kuja hata kwenye simu yako ikifanana na ya kweli. Kinachothibitisha ni salio na taarifa ya miamala ndani ya menyu ya huduma yenyewe, kwa M-Pesa *150*00#. Gawanya kazi: msaidizi anaweka alama ya ANASEMA AMELIPA pamoja na namba ya muamala, wewe au mshika fedha dukani unalinganisha namba hiyo na menyu, ndipo unaweka IMEINGIA. Mzigo hautoki bila alama ya pili.

Ikiwa kweli haijaingia, angalia kama mteja alilipa Lipa Namba au alituma kwenye namba binafsi, halafu kama jina alilooneshwa kabla ya kuthibitisha lilikuwa la duka. Aliyekosea namba, yeye mwenyewe mtumaji ndiye apige 100 kwa mtandao wake. Na mtu akipiga simu "nimekutumia kwa makosa, nirudishie," msaidizi asirudishe. Mtandao ndio wenye njia ya kurudisha. Namba ya tapeli iripotiwe 15040.

*Simama hapa:* fedha ikitoka bila wewe kuruhusu, acha uchunguzi wa nyumbani. Piga mtandao au benki wazuie akaunti, nenda kituo cha polisi upate RB (namba ya taarifa uliyoandikisha), na usifute ujumbe hata mmoja. Kumtangaza mtu kwenye makundi kuwa ni mwizi kabla ya uchunguzi kunaweza kukugeuzia kesi.

Malipo yake yanazidi kazi, au mmeanza kugombana kuhusu mkataba

Malipo kwa saa yanafaa kazi isiyotabirika; kwa kazi inayojirudia lipa kwa kazi au kwa mwezi. Saa zikipanda ghafla, linganisha na idadi ya oda kabla ya kumtuhumu.

La kuangalia kwa makini ni hili. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwapo hata moja ya dalili ilizotaja: unamwelekeza jinsi ya kufanya kazi au saa za kazi, amekufanyia wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu, umempa vifaa, anakufanyia wewe peke yako. Kwa hiyo karatasi inayomwita "mkandarasi" haitoshi. Mkigombana mpaka umemwachisha, anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Ukiona dalili hizo kwenye kazi yenu, usinakili mkataba wa mtandaoni: zungumza na wakili kuhusu ajira, na mhasibu kuhusu kodi ya zuio na michango ya NSSF.

Ameondoka, na bado anaonekana ndani

Hutokea kwa sababu milango ilifunguliwa mmoja mmoja bila kuandikwa. Kabla ya siku ya mwisho, hakikisha mafaili yote yako kwenye akaunti yako. Jedwali alilolianzisha kwenye akaunti yake ni lake mpaka akuhamishie umiliki, na akilifuta limekwenda.

Kisha, saa ile ile ya makabidhiano, pita hapa kwa mpangilio huu: vifaa vilivyounganishwa kwenye WhatsApp, waliopewa ruhusa kwenye kila faili la Google, uwakilishi wa Gmail (ruhusa ya mtu mwingine kusoma na kutuma barua zako), majukumu kwenye ukurasa wa Facebook na Instagram, akaunti za Airbnb na Booking.com, halafu nywila ya kila kitu mlichokuwa mnatumia pamoja. Kwenye Gmail fungua mipangilio ya kusambaza barua na vichujio, maana barua inaweza kuendelea kumfikia hata baada ya nywila kubadilika. Mwisho angalia namba ya simu na barua pepe ya kurejesha akaunti. Zikiwa zake, mlango bado uko wazi.